Makumbusho ya Hong Kong yamekataa picha za mdogo wangu hata bure. Kwa nini?

Swali: Mimi ni mfanyabiashara wa nguo na vifaa vya simu. Huwa naingia Guangzhou na kupitia Hong Kong, na nikiwa Hong Kong hulala Chungking Mansions kama Watanzania wenzangu wengi. Mdogo wangu ni mchoraji Dar es Salaam. Anachora Tingatinga za kuuza kwa watalii, na anachora pia picha zake mwenyewe za daladala na kina mama wa sokoni. Safari iliyopita niliingia M+, yale makumbusho makubwa ya Kowloon Magharibi. Nikakuta baa nzima ya sushi ya Kijapani imewekwa ndani kama ilivyo, na milango ya mbao aliyoichorachora maandishi mzee mmoja wa mtaani. Begini nilikuwa na picha tatu za mdogo wangu. Nikawaambia nawaachia bure. Walikataa kwa adabu, wakanipa anwani ya barua pepe. Niliandika, nikajibiwa kwa mistari mitatu kwamba hazilingani na mkusanyiko wao. Je, hii si dharau kwa sisi Waafrika? Sasa kuna mtu anajiita wakala. Anataka nimlipe dola 2,800 za Marekani aziweke picha hizo kwenye maonyesho ya kimataifa hotelini, anasema makumbusho hununulia hapo. Nimlipe? Pia nina vinyago vya mpingo, naweza kuvibeba safari ijayo?

Jibu: Dada yangu, nianze na lenye haraka. Usimpe huyo wakala hata senti mpaka umalize kusoma, na kama umeshamtumia kianzio, usiongeze kingine. Nitamrudia baadaye. Lakini naona kinachokuuma hasa ni kwamba ulitoa kitu kwa moyo mweupe, bila kudai malipo, kikarudishwa mkononi mwako, huku ndani ukiwa umeona kaunta ya sushi imepewa chumba chake.

Wengi hudhani makumbusho ni duka lenye fedha nyingi: ukiwa na picha nzuri na mtu wa kuifikisha mlangoni, kazi imekwisha. Mlangoni hakuna anayeweza kupokea kitu, na katika makumbusho makubwa ya umma hata mkurugenzi kwa kawaida hapokei kwa uamuzi wake peke yake. Msimamizi wa mkusanyiko ndiye anayependekeza. Anaandika ripoti: nani alikitengeneza, lini, kwa nini, kimeshaonyeshwa wapi, kimepita mikononi mwa nani, kina hali gani, kitawekwa pamoja na nini. Wahifadhi wanakikagua. Kisha kamati inaketi. Hayo huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Wewe ulifika na begi siku moja, na ungekuwa na kazi ya bwana mkubwa yeyote ndani ya begi hilo, jibu la mlangoni lingekuwa lilelile.

Sasa hilo neno bure. Kitu kikiingia katika mkusanyiko kinapewa namba, kinapigwa picha, kinaandikiwa kila mchubuko, kinawekewa bima, halafu kinapelekwa ghalani ambako joto na unyevu hudhibitiwa usiku na mchana. Hong Kong ni mji wa unyevu mkali. Katika miezi ya joto viatu vya ngozi vikisahauliwa kabatini huota ukungu. M+ wana jengo zima pembeni ya lile uliloingia, na kazi yake ni kuhifadhi na kutibu vitu tu. Na hayo yote yamejengwa juu ya ardhi iliyotolewa baharini kwa kufukiwa, katika mji ambao kila mita ya mraba inagombaniwa. Makumbusho yakipokea, yameahidi kutunza kwa vizazi. Kutoa kitu nje baadaye ni shughuli nzito na ya aibu. Ni kama kupokea mtoto wa kulea: anayemleta haulizwi ada, lakini matunzo yanaanza siku hiyo na hayana mwisho. Ndiyo maana zawadi nyingi hukataliwa, hata za matajiri wa palepale.

Vifaa navyo vina neno lao. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya enameli, ile ya makopo ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Vilikuwa vifaa rahisi kupatikana, na mng'ao wake ndio uliozipa picha zile haiba yake. Lakini hadibodi hunywa unyevu, kingo zikavimba, na enameli huweza kupasuka na kubanduka. Hilo halimzuii mhifadhi kukubali. Linamfanya apige hesabu ya gharama. Sijui mdogo wako anachorea nini zile za daladala. Kama ni hadibodi ya bei ya chini, mwambie ahamie kwenye turubai nzuri ya kuchorea, azipige msingi vizuri, na aandike nyuma ni rangi gani ametumia. Hiyo ni nusu ya utaalamu ambao wanunuzi wakubwa hulipia.

La pili ambalo hukuambiwa ni historia ya umiliki. Wewe unajua picha ni za mdogo wako kwa sababu ulimwona akizichora. Wao wanaona mgeni mwenye begi. Je, zimeibwa? Zimenakiliwa? Kwa Tingatinga swali hilo ni zito zaidi, maana mwenyewe aliuawa mwaka 1972 akiwa amechora kwa miaka michache tu, na picha za kughushi zenye sahihi yake zimezagaa. Wanafunzi na jamaa zake ndio walioendeleza kazi, baadaye wakaunda ushirika. Mtindo ukawa wa wote. Kwa biashara hiyo ni baraka, kwa makumbusho ni tatizo: picha ya chui mwenye madoadoa iliyochorwa mwaka huu inaweza kuwa ya mkono wowote kati ya mamia.

Twende kwenye ile baa, kwa kuwa naona ndiyo iliyokuudhi. Inaitwa Kiyotomo. Aliibuni Shiro Kuramata, ikafunguliwa mtaa wa Shinbashi, Tokyo, mwaka 1988. Kuramata alifariki 1991, na sehemu kubwa ya maduka na mikahawa aliyobuni ilishabomolewa, maana hiyo ndiyo tabia ya maduka: mwenye nyumba akibadilika, kila kitu kinakwenda jalalani. Kiyotomo ilifungwa, ikabaki imesimama tupu kwa miaka. M+ waliinunua mwaka 2014, ikang'olewa kipande kwa kipande na kusafirishwa. Kwa hiyo ulichokiona ni mojawapo ya vyumba vichache vilivyosalia vya mbunifu ambaye mafundi wa mambo ya ndani duniani kote wanamsoma. M+ si makumbusho ya picha peke yake. Inakusanya sanaa, ubunifu wa vitu, usanifu wa majengo na filamu, kuanzia karne ya 20. Ghalani mwao wana hata ng'ombe mkubwa wa taa za neoni aliyening'inia miaka mingi nje ya mgahawa mmoja wa Sai Ying Pun, kwa sababu taa zile zilikuwa zikitoweka barabarani na mafundi wake wakizeeka. Unaweza kubisha kwamba ng'ombe wa mgahawa anastahili kuliko daladala ya mdogo wako. Mimi nisingekulaumu. Lakini yule ng'ombe ana hadithi ya Hong Kong mgongoni, na jengo lile lilijengwa kwa fedha za Hong Kong.

Mzee wa milango ndiye anayekufaa zaidi, tafadhali msome kwa makini. Anaitwa Tsang Tsou-choi, alizaliwa 1921 akafariki 2007. Alihamia Kowloon akiwa kijana kutoka upande wa Guangdong, akafanya vibarua, akaja kuumia na kutembea kwa magongo. Kwa miongo kadhaa alizunguka mji na brashi na wino, akiandika ukutani, kwenye nguzo za taa na masanduku ya umeme kwamba ardhi ya Kowloon ilikuwa ya ukoo wake na kwamba yeye ndiye mfalme wake. Watu wa serikali walipaka rangi juu yake, naye akarudi kuandika upya. Shule alipata kidogo mno, sanaa hakusomea kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa makumbusho hufungulia wenye vyeti tu, usikubali.

Lakini angalia kilichopita kati ya nguzo ya taa na chumba cha maonyesho. Wapiga picha walimfuata miaka mingi. Mkosoaji Lau Kin-wai alimwandalia maonyesho mwaka 1997, mwaka uleule Uingereza ilipoikabidhi Hong Kong kwa China, wakati kila mtu mjini alikuwa akijiuliza mji huu ni wa nani. Wabunifu wa mavazi wakachapa mwandiko wake kwenye nguo. Mwaka 2003 kazi yake ilionyeshwa kwenye Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kila miaka miwili huko Italia, mwaka uliofuata ikauzwa mnadani. Maandishi yake mengi ya barabarani yamefutwa, ila nguzo moja pale kwenye gati la Star Ferry, Tsim Sha Tsui, imefunikwa kwa kinga ya plastiki isiharibike. Kutoka Chungking unafika kwa miguu muda si mrefu, pita uitazame. Makumbusho yalikuwa ya mwisho kwenye mstari huo. Kabla yake walikuwepo watu waliotazama, waliopiga picha, walioandika, waliobishana, walionunua. Mdogo wako hakukosa kipaji mbele ya M+. Alikosa huo mstari wa watu nyuma yake.

Kuhusu dharau. Sidhani yule aliyekujibu mistari mitatu aliangalia rangi ya mtu. Barua za namna hiyo humiminika kila wiki, nyingi kutoka kwa Wachina wenyewe. Lakini nisikudanganye kwamba hakuna lolote. Mkusanyiko wa makumbusho hufuata macho na fedha za watu fulani. Mfano wa M+ wenyewe: mwaka 2012 Mswisi mmoja, Uli Sigg, aliwapa kazi 1,463 za wasanii wa China, na makumbusho yakanunua nyingine 47 kutoka kwake kwa dola milioni 177 za Hong Kong. Sigg alifika China mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa biashara ya lifti, baadaye akawa balozi wa Uswisi huko. Aligundua hakuna mtu wala taasisi iliyokuwa ikikusanya kwa utaratibu kazi za wasanii wa wakati ule, basi akakusanya yeye. Leo historia ya sanaa ya China inasimuliwa kwa kiasi kikubwa kupitia alichokichagua mtu mmoja. Sisi tulimpata Jean Pigozzi, tajiri ambaye mkusanyiko wake wa sanaa ya Afrika una kazi za msanii wetu George Lilanga. Na Japani, katika mkoa wa Mie, kuna jumba la makumbusho la sanaa ya Kimakonde. Mpaka awepo mtu wa kukusanya wachoraji wa Dar es Salaam wa leo kwa utaratibu, na ningependa awe Mtanzania, kazi zao zitaendelea kwenda ukutani kwa mtalii mmoja mmoja na kusahaulika. Hilo ni pengo la kweli, una haki ya kulikasirikia, ila barua ya malalamiko kwa M+ haitaliziba.

Niongeze kwamba vyumba vile vina mipaka mingine pia. Kabla M+ haijafunguliwa Novemba 2021, wanasiasa walishambulia picha ya msanii wa China, Ai Weiwei, iliyopigwa uwanja wa Tiananmen, Beijing, iliyokuwa sehemu ya zawadi ya Sigg, wakiitaja sheria ya usalama wa taifa. Haikuwekwa ukutani. Wasanii wa mji ule wanalijua hilo vizuri kuliko mimi, na wanapima maneno yao.

Wala usifikiri wachoraji wazawa wanapita kirahisi. Viwanda vya Hong Kong vilipohamia bara baada ya China kufungua milango, majengo marefu ya viwanda yalibaki nusu tupu. Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni vijana waliomaliza sanaa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong wakakodi vyumba mtaa wa Fo Tan, kwa kuwa vilikuwa na dari ndefu, lifti ya mizigo na kodi ya chini. Wakawa wanafungua milango mara moja kwa mwaka watu waje kutazama. Halafu mwaka 2009 serikali ikatangaza sera ya kuyapa majengo hayo matumizi mapya. Wawekezaji wakaingia, kodi ikapanda, wengi wakafunga virago. Huko Shek Kip Mei jengo moja la karakana ndogondogo liligeuzwa makazi ya wasanii mwaka 2008, linaitwa JCCAC, lina vyumba zaidi ya mia, na foleni ya kuvipata ni ndefu. Ukitaka kuona sanaa ya Hong Kong inavyoishi, nenda pale kabla ya kurudi M+. Utakuta fundi wa kauri, mchora katuni, mtengeneza vitabu, na hakuna atakayekuuliza unatafuta nini.

Haya, wakala wetu.

Kila Machi Hong Kong hujaa kwa sababu ya Art Basel, maonyesho ya biashara ya sanaa yaliyoanza pale mwaka 2013 katika ukumbi wa mikutano wa Wan Chai. Watu wa makumbusho wapo kweli, wananunua kweli. Pembeni yake huzuka maonyesho madogo mengi, mengine hotelini, ambapo vitanda huondolewa na picha kutundikwa vyumbani. Jina la wiki hiyo ndilo linalouzwa kwa watu kama wewe. Jua tofauti hii. Katika maonyesho makubwa, anayeomba nafasi na kuilipia ni galari, na kamati huzichuja galari hizo. Msanii hatoi fedha ili achaguliwe. Galari ikiamini kazi yake inagharamia nafasi, kisha hugawana naye mauzo, mara nyingi nusu kwa nusu. Mtu akikuambia ulipe kwanza, basi amekwishapata faida yake kabla picha haijatundikwa. Hana sababu ya kuhangaika kuiuza.

Si lazima awe tapeli wa kutoroka na pesa. Kukodisha ukuta ni biashara halali, na wapo wasanii wanaokodi wakijua wanachokifanya. Uongo uko kwenye ile ahadi ya makumbusho. Mtu wa makumbusho hanunui ukuta wa kukodi hotelini kutoka kwa msanii asiyewahi kumsikia, kwa sababu ile ripoti niliyokueleza ataiandika na nini? Mtumie ujumbe umuulize mambo machache: jina la kisheria la kampuni na namba yake ya usajili Hong Kong; orodha ya wasanii wa mwaka jana ili uwapigie wawili; nani analipa bima na usafiri wa kurudisha zisizouzwa; fedha za mauzo zinalipwa baada ya siku ngapi; nani anabaki na hakimiliki ya picha. Usajili wa kampuni unaweza kuuhakiki mwenyewe kwenye ofisi ya usajili wa kampuni ya Hong Kong. Akianza kukuharakisha kwamba nafasi zinaisha leo, umeshajibiwa. Na kama ulikwishatoa fedha, weka stakabadhi na jumbe zote, usizifute kwa hasira, kisha ukiwa pale nenda kituo cha polisi ukiwa na mtu anayejua Kiingereza au Kikantoni vizuri kama wewe hujiamini. Jambo la namna hiyo halitatuliwi kwa barua kwangu.

Dola 2,800 zinaweza kufanya nini badala yake? Hapa nina msimamo, na si kila mwenzangu atakubaliana nami. Ningezitia kwenye miaka miwili ya kazi yake, kule Dar es Salaam. Zile anazotaka zitambulike kwa jina lake zisiwe za Tingatinga. Za watalii aendelee nazo, zinalipa kodi ya nyumba, hakuna aibu. Lakini zile za daladala na kina mama wa sokoni, hizo za kwake, azijenge ziwe kundi moja la picha kama 20 au 25 zinazozungumza. Kila moja apige picha kwenye mwanga wa kawaida, mbele na nyuma, aandike jina, mwaka, vipimo kwa sentimita na rangi alizotumia. Aweke daftari la nani amenunua nini. Asajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na yeye mwenyewe ajiandikishe BASATA, baraza la sanaa la taifa. Apeleke maombi Nafasi Art Space, ambako wasanii hupata karakana na kuonekana na wageni wanaopita Dar kwa shughuli za sanaa. Apate mtu wa kuandika kurasa mbili tatu za kweli kuhusu kazi hiyo, hata kwa Kiswahili. Mstari wa watu huanzia hapo.

Njia ya pili ni kuuza tu, bila ndoto ya makumbusho, na ni njia ya heshima. Unaweza kuziacha picha kwa mali kauli kwenye duka la mapambo au galari ndogo inayokubali. Mfanyabiashara kama wewe huhitaji kufundishwa mali kauli, ila kwa sanaa masharti huandikwa: idadi, bei ya chini, asilimia ya duka, tarehe ya kurudisha, nani analipa ikichubuka. Bila karatasi, baada ya miezi sita utaambiwa ile ya mwisho haionekani. Faida ya Hong Kong ni kwamba haina kodi ya mauzo wala ushuru wa forodha kwa kazi za sanaa; ushuru wake ni wa pombe kali, tumbaku, mafuta na alkoholi ya methili. Shehena ya kibiashara hata hivyo hutakiwa kuandikishwa forodha ndani ya siku 14. Hasara yake ni kwamba nje kidogo tu ya mji, Shenzhen, kuna kijiji cha Dafen kinachoishi kwa kunakili picha za mafuta tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukituma faili kubwa na safi za picha kwa kila anayejiita mnunuzi, usishangae kukutana na kina mama wetu wa sokoni wakiuzwa kwa jumla. Tuma ndogo zenye jina lake juu.

Hapo hapo kuna jambo la viza. Aliyeingia Hong Kong kama mgeni haruhusiwi kufanya kazi wala kuendesha biashara humo, na adhabu inaweza kufika faini ya dola 50,000 za Hong Kong na kifungo cha miaka miwili. Kununua mzigo na kufanya mazungumzo ya biashara ndiyo uliyozoea. Kusimama nyuma ya meza ukiuza picha ni kitu kingine. Msanii akialikwa na taasisi iliyoidhinishwa upo mpango unaomruhusu kushiriki shughuli fupi za sanaa hadi siku 14 bila viza ya kazi, lakini mwaliko lazima utoke kwa mwalikaji mwenye kibali hicho. Kabla ya kusimama popote kuuza, uliza Idara ya Uhamiaji ya Hong Kong au wakili wa pale.

Kama mdogo wako macho yake yako Asia, ningemwelekeza Sharjah, katika Falme za Kiarabu, kabla ya Hong Kong. Biennale yao ipo tangu 1993, na Sharjah Art Foundation, inayoongozwa na Hoor Al Qasimi, imekuwa na sikio kwa wasanii wa Afrika na wa mwambao wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar, ameonyesha kazi huko. Pale hadithi ya Dar es Salaam haihitaji kuelezwa kuanzia alifu. Wao nao hawapokei begi mlangoni, ila hutangaza miito ya maombi, na mwombaji mwenye lile daftari anasomwa.

Wewe mwenyewe ukirudi Hong Kong, tenga saa chache. Makumbusho ya Sanaa ya Hong Kong yako ufukweni palepale Tsim Sha Tsui, na maonyesho yake ya kudumu hayana kiingilio. Kisha vuka kwa kivuko uende Asia Art Archive, Sheung Wan, maktaba ya bure iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa sababu watu waliona nyaraka za wasanii wa Asia zinapotea. Waombe wakuonyeshe faili la msanii mmoja lilivyopangwa: vipeperushi, barua, picha za studio. Piga picha ya mpangilio wake kwa simu kama wanaruhusu, umtumie mdogo wako.

Vinyago. Mpingo, pamoja na karibu jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia, uliingizwa mwaka 2017 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tangu hapo sheria imelegezwa kwa vitu vilivyokwisha kuchongwa: shehena ambayo mbao zake hazizidi kilo 10 haihitaji kibali cha CITES. Vinyago viwili vya mezani havifiki hapo. Kimoja cha ujamaa chenye urefu wa mtoto kinaweza kuzidi kilo hizo, mpingo ni mzito, kwa hiyo pima kwenye mizani nyumbani. Kwa upande wa kutoka Tanzania, waulize Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kuhusu kibali chao, na uende ofisini na kinyago chenyewe au picha yake pamoja na risiti ya mchongaji. Kikiwa na kipande chochote cha pembe ya ndovu, hata jicho tu, kiache nyumbani: Hong Kong ilifunga biashara ya pembe mwisho wa mwaka 2021, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 10.